Lori la Maji na Furushi la Shela

Tulimzika kaka yangu Nassor wiki iliyopita, hapa hapa Ibra, mji wa Kiarabu wa mababu zetu, na tangu hapo mlango wangu haujapumzika. Wanakuja watu wetu tuliorudi nao kutoka Unguja, wazee sasa, wameshika fimbo mkono mmoja na mjukuu mkono wa pili, na kila mmoja akifika kizingitini anaita hodi, ile hodi ya kwetu ya kuvutwa mwishoni, nami kutoka ndani naitikia karibu, karibu, mpaka koo limenikauka. Marehemu asingeyapenda haya. Zaidi ya nusu ya umri wake hakuna aliyemsikia akilitamka neno hilo. Akija nyumbani kwa mtu, hata hapa kwangu, alikohoa, au aliokota kijiwe akagonga lango, au alisimama tu juani mpaka mtu amwone, kama mchuuzi wa mkaa aliyesahau bei. Wajukuu walimcheka. Wageni waliulizana huyu ni Mzanzibari wa wapi asiyejua hodi. Na mie nilicheka nao, maana kucheka ni kazi ya kukaa kitako na hiyo ndiyo fani yangu, lakini nilikuwa najua ile hodi aliiacha kwenye mlango gani.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa mwanamwali wa kukaa ndani, na sisemi kwamba niliwekwa na mtu, nilijiweka mwenyewe. Cheti changu cha sekondari kimo kabatini mpaka leo, na kubwa kilichonifanyia ni kunisaidia kusoma maelezo ya mikebe ya maziwa ya unga. Mwalimu Khalfan, rafiki yake kaka, alitaka nikafundishe skuli ya wasichana. Nikamuuliza hao wasichana wamemkosea nini. Nilikuwa namtunzia nyumba Nassor, ambaye bado hakuwa ameoa, nyumba ya udongo ya kupanga, pembeni mwa mtaa wa zamani: ua wenye mndimu mmoja, jiko la kutoa machozi, chumba changu, chumba chake, na mbele lile baraza refu la kupokelea wanaume ambalo wenyeji huliita sabla. Kati ya sabla na ujia wa jikoni palikuwa na dirisha dogo lenye pazia, la kupitishia sinia za chakula. Karibu yote ninayoyajua ya mwaka ule yalipita dirisha lile, chakula kikienda na maneno yakirudi.

Umeme ulikuwa ndiyo kwanza umeingia mjini, na Nassor alikuwa mtunza stoo kwenye mtambo wake. Nyuma ya umeme yakaja majiko ya mafuta na ya gesi, yakaingia nyumba zenye mapaa ya magogo ya mitende na makuti makavu, na moto ukaanza kuijua njia ya kwetu. Ofisi ya liwali ikaona mji upate zimamoto, lakini wa saa za ziada: kila mtu abaki kwenye kazi yake, na moto ukizuka aache kalamu akimbie. Wenyeji walikuwa na mashamba yao na zamu zao za maji ya falaji, ule mfereji wa kumwagilia unaogawiwa kwa saa, na zamu ya maji haimngoji mtu. Ikikupita, mitende yako inakutazama mpaka zamu nyingine. Basi wakabaki wenye mishahara na viti, yaani sisi watu wa kuja. Nassor akafanywa mkubwa kwa sababu alizoea kukaa na funguo. Akajiandikisha Mwalimu Khalfan, na Saleh fundi cherehani, na wengine wachache wa benki na posta. Mwenyeji alikuwa mmoja tu, Hamud, dereva wa lori la maji, naye hakujiandikisha. Aliletwa pamoja na lori.

Serikali ilileta lori ikasahau kituo, kwa hiyo kituo kikawa sabla yetu. Kofia za chuma zilikuwa za vichwa vitupu, na hakuna mwanamume wa heshima zake aliyekuwa tayari kutoka kichwa kitupu, hata kwenda motoni. Wakazivaa juu ya vilemba, zikakaa kama sufuria zilizofunikia wali. Mabuti yote yalikuwa ya kipimo kimoja, cha mtu ambaye hatukuwa naye. Saleh, mfupi hata akiwa kwenye picha, aliyavaa akaonekana kuku aliyetumbukia ndooni. Mdomo wa mpira haukukubali kuingia kwenye pampu mpaka ulipofungwa kwa ukanda wa tyubu ya baskeli. Mashoka yalikuwa mazuri; moja niliazima kwa kuni na sikulirudisha. King'ora hakikuwemo. Na kwa kuwa sikuwa na safari, king'ora nikawa mie. Kaka alitundika sinia la shaba kwenye nguzo juu ya paa, akanipa amri kwamba mtu akija na habari ya moto nipande nilipige kwa mchi wa kinu, nao popote walipo watakuja. Aliniambia kazi hii inamtaka mtu asiyekwenda mahali. Sikuona ubaya. Ni kazi pekee niliyopata kupewa kwa sifa zangu.

Alasiri walikutana. Walikunjua mpira uani, wakaukunja, wakanivunjia chungu cha maji, kisha wakaingia sabla kula. Nilikuwa nikipitisha mkate wa mofa, samaki wa kukaanga wa kutoka Sur pwani, na birika la kahawa chungu, na pazia likianguka nasimama palepale kusikiliza, kwani pa kwenda pako wapi. Hamud alikaa karibu na dirisha langu, anakula kimya. Kiswahili hakukijua, na wao wakishanogewa walikisahau Kiarabu. Siku moja ukazuka mjadala wa jinsi mji unavyotusema: kwamba watu wa Unguja tumerudi hatuna haya, wanawake wetu wanacheka mpaka njiani wanasikika, wanaume wetu wanaingia popote bila kubisha. Mwalimu Khalfan lilimchoma hilo la wanaume. Akasema basi kituo hiki ndicho kitakachowafundisha adabu zetu. Hata nyumba iwe inawaka, asiwepo wa kuvamia mlango kama mwizi. Mkubwa atasimama langoni, atapiga hodi tatu, akikaribishwa aingie, asipojibiwa nyumba haina mtu, wamwage maji wasiwe na wasiwasi. Kaka akasema hilo ndilo neno. Wakakubaliana wote, na kwa raha, kama watu ambao hatimaye wamepata kofia zinazowaenea. Hamud alitabasamu kwa kuwaona wenzake wanatabasamu, akakata kipande kingine cha mkate. Hakuna aliyemfasiria. Na mie nyuma ya pazia niliona ni maneno ya watu waliolelewa.

Ukafika msimu wa kuvuna tende, joto la kupasua mawe, wanaume wote mashambani. Asubuhi moja mzee mmoja alikuja anahema, akanionesha moshi juu ya mtaa wa zamani. Nikapanda nikalipiga sinia mpaka mchi ukaruka mkononi. Walikuja upesi, haki yao niwape. Saleh alikuja na sindano kifuani. Lori likaondoka, nami nikashuka kupika dengu, maana nilijua watarudi na njaa. Yaliyofuata sikuyaona. Nimeyakusanya kwa kaka, kwa Hamud, na kwa mama mtu mwenyewe, nikayapanga kwa miaka, mpaka sasa nayaona kama niliyekuwepo.

Nyumba ilikuwa ya kijana mmoja mwenye shamba. Mkewe aliitwa Shamsa, hata harufu ya harusi ilikuwa haijamtoka. Mama yake Shamsa, Bi Ghaniya, alikaa nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta. Jiko la mafuta lililipuka, moto ukapanda kwenye paa. Hamud alikuwa mbali, kwenye mfereji wa falaji, anahangaika na pampu. Langoni alisimama Nassor, kofia juu ya kilemba. Lango lilikuwa wazi, lakini nyuma yake pana ule ukuta wa sitara wanaouweka ili mpita njia asione ndani. Akaita hodi. Akangoja. Akaita tena kwa heshima zaidi, hodi wenyewe. Akangoja. Ya tatu aliita kwa nguvu, na pakawa kimya. Kwetu, kimya ni nyumba isiyo mtu. Mwanamke wa Unguja hata awe anaoga atakuuliza nani wewe, au atakwambia rudi baadaye. Basi wakaanza kumwagia paa kutoka njiani, na kaka anawasihi wasije wakavunja lango la watu.

Na ndani alikuwemo Shamsa, kichwa wazi kwa lile joto, nguo yake ya kutokea imeachwa jikoni inaungua. Alikuwa ameshafika katikati ya ua, anakimbilia lango, aliposikia sauti ya mwanamume asiyemjua. Akarudi nyuma. Sauti ikaja tena, akarudi zaidi. Alimwita mama yake juu ya ukuta, kwa sauti ya chini wale wasimsikie, kwamba wako wanaume mlangoni, amrushie shela. Bi Ghaniya akaivua iliyokuwa kichwani mwake mwenyewe akaitupa. Ikanasa juu ya mkomamanga. Akakimbilia ndani kutafuta nyingine, na wakati huo ikapigwa hodi ya tatu, ile ya nguvu, na mtoto wa watu akaingia chumba cha kuwekea tende, kisicho na dirisha, akajifungia. Paa la magogo lilishuka lote kwa pamoja.

Wakajua mtu alikuwemo pale Bi Ghaniya alipotokea njiani kichwa wazi mbele yao. Shela ilikuwa bado mtini, haina hata tundu la cheche. Alimwendea Nassor akamuuliza kwa Kiarabu walikuwa wanangoja nini, na Nassor hakumjibu. Alinijibu mie, aliporudi, amekaa sabla na mabuti miguuni, maji yanachuruzika kwenye jamvi, dengu zinapoa kwenye dirisha.

"Tulikuwa tunangoja karibu," akasema.

Hakuna aliyekula. Ndipo Mwalimu Khalfan, kwa sauti ya mtu anayesoma kosa lake ubaoni, akamweleza Hamud kwa mara ya kwanza ile sheria yao ya hodi tatu. Hamud aliweka kikombe chini. Hakupandisha sauti. Alisema Kiarabu polepole, kama anavyosemeshwa mgonjwa, ili sote tuelewe.

"Mwanamke peke yake hamjibu mgeni. Hapa nyumba ikinyamaza, yumo."

Nimekaa na maneno hayo kuliko niliyosoma skuli yote. Adabu mbili zilikutana kwenye lango moja, kila moja ikampisha mwenzake, na katikati yao binti akaungua. Lau mmoja wao angekuwa mkosa haya, Shamsa angekuwa na wajukuu leo.

Mazishi yalikuwa siku ile ile, na matanga ya wanawake yalikuwa nyumbani kwa Bi Ghaniya. Ilibidi mtu wa kwetu aende, na mwanamke wa nyumba yetu alikuwa mmoja. Nilikwenda nikashikilia ukuta njia nzima. Nikakaa karibu na mlango, kwenye viatu, mahali pa mtu anayetarajia kufukuzwa. Walikuwa wakinong'ona, na sikuhitaji kufasiriwa: huyu ni ndugu yao wale wa langoni. Nikasema yale maneno ya pole ya Kiarabu niliyokuja nayo nimeyakariri, na lafudhi yangu ikawafanya wengine wageuke. Bi Ghaniya akanigeukia. Nilingoja tusi. Aliniambia, bila ukali wowote, kama anayepima kitambaa, "Ungeita wewe, angetoka."

Nilirudi nyumbani nikalala na maneno hayo mchana kutwa. Na kituo kilikuwa kinakufa. Watu wa benki hawakuja tena, wakasema kazi nyingi. Mwalimu Khalfan alikuja lakini hakusema, na hilo kwa Mwalimu Khalfan ni ugonjwa. Wanaume wa mji wakapeleka neno kwa liwali kwamba hawataki tena kuona kofia zile milangoni mwao, na moto ukitokea watauzima wenyewe, na wake zao wameshaagizwa wasimtokee mtu. Moto mwingine ungekuja, hilo hakuna aliyelitilia shaka, majiko yalikuwa yanaingia kila nyumba. Na kwa jinsi mambo yalivyokuwa, yeyote atakayekuwa ndani angebaki ndani. Nassor alikuwa akikaa peke yake kwenye sabla anazipangusa kofia zisizo na vumbi. Hamud ndiye aliyesema, kupitia dirishani, bila kunitazama: kwamba lori lina ngazi, lina shoka, lina mpira, halina sauti ya mwanamke. Kaka akaguna kwamba huyu dada yake hata dukani hatoki. Nikajibu kutoka nyuma ya pazia kuwa ni kweli, na kwamba lori lao linanuka. Kisha nikasema nitakwenda.

Ikawa kazi yangu ni kunywa kahawa. Sauti haifai kitu kama haijulikani, kwa hiyo nilizunguka nyumba moja baada ya nyingine, mie niliyekuwa nahesabu safari ya kisimani kuwa ni hija, nikikaa kwenye mikeka ya watu, nikila tende mpaka meno yakalalamika, nikisema Kiarabu changu kibovu makusudi kwa sauti kubwa. Wengine walinifungia. Mmoja aliniuliza kama kweli kwetu tunaoga uchi pamoja. Nikamwambia ndiyo, na mchana tunakula watu. Akacheka, akaniitia dada zake waje wanione. Nilikwenda hata mahali pa wanawake pa kuogea kwenye falaji, pale pa kuta ambapo sauti inarudi, na wao wakinikejeli kwa kuiga matamshi yangu, mpaka watoto wao wakaweza. Ndicho nilichokitaka. Na kila nyumba niliangalia ghala la tende liko wapi, na mwenyewe hulala wapi, na hutundika wapi nguo yake ya kutokea.

Kisha nikadai vifaa. Nilimwambia Nassor lori liwe na furushi la shela. Saleh alizishona kutoka kwenye kitambaa cheusi chepesi, zote za kipimo kimoja, na safari hii kipimo kiliwaenea watu. Ofisi iliuliza shela zinazima moto gani. Kaka aliwajibu kwa heshima kwamba zinazima ule ambao maji hayauwezi. Hamud akanitundikia pazia ndani ya lori, kati ya kiti chake na changu, kwa hiyo nilikuwa nakwenda kwenye moto nikiwa sioni tunakokwenda, kama bibi harusi wa kuozwa kwa nguvu. Mji ulicheka. Nilijua kwa nini, nami ningecheka.

Moto ulikuja kipindi cha baridi, nyumba ya ukingoni mwa mashamba. Nilishushwa langoni na furushi kwapani. Wanaume wakageuza migongo, kama tulivyokubaliana. Nikaita, mie Zuwena, tokeni. Kimya. Nikakumbuka kimya cha hapa maana yake nini, nikaingia. Walikuwa wawili, mke na mama mkwe, wamejibana nyuma ya kabati, moshi umeshafika viunoni. Niliwatupia shela. Mama mkwe aliikagua ile yake, katika moshi ule, akasema ni nyepesi mno. Nikamwambia mama, ukikaa hapa, huko utakakokwenda hutaulizwa uzito wa kitambaa. Wakatoka, mmoja mbele yangu mmoja nyuma. Nyumba iliteketea, maana mpira ulifunguka pale penye tyubu, lakini iliteketea tupu.

Nilidhani tutashukuriwa. Bwana mwenye nyumba alifika kutoka shambani, akawaona wanawake wa nyumba yake wamekaa chini ya ukuta wa jirani, weusi kutoka kichwani mpaka vidoleni, hawana kinachoonekana, na njia imejaa watu. Akamwambia kaka yangu mbele ya wote, "Ilikuwa mningoje mie." Nassor alikaa chini kwenye matope akaanza kucheka, cheko ambalo sijalisikia kwake kabla wala baada, mpaka Mwalimu Khalfan akamwinua kwa makwapa. Yule mke alirudishwa kwao mwezi ule ule. Nilikwenda kumtazama. Alikuwa anasuka mkeka, mzima, na ghadhabu zake zote. Akanipa kahawa, hakuniangalia.

Mwaka uliofuata walikuja zimamoto wa kweli, vijana wa mshahara, na king'ora chao, na kofia za kuvaliwa vichwa vitupu. Wakachukua lori na Hamud. Furushi walilikuta nyuma ya ngazi, wakalirudisha nyumbani kwetu wakidhani ni nguo zangu zilizosahaulika. Nassor aliliweka chini ya kitanda chake, na lilikuwepo tulipomtoa kwenda kumzika.

Na jana alasiri, watu walipopungua, nilisikia fimbo kizingitini bila neno. Nikaangalia. Alikuwa Bi Ghaniya, mdogo kama mtoto, macho yamekwisha, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Miaka yote hii nilikuwa nakwenda kwake mie. Kwetu hakupata kukanyaga, wala hakusema tena na kaka yangu tangu lile swali lake. Nikamwambia kwa Kiarabu apite ndani, mama. Hakupita. Aliitambua sauti yangu, nikaona usoni, lakini alibaki nje, ameinamisha kichwa upande, anaisikiliza nyumba. Kisha akafungua midomo akasema neno moja la Kiswahili, la pekee alilokuwa nalo, ambalo aliwahi kulisikia juu ya ukuta siku ile ya moto na hakupata wa kumrudishia.

"Hodi," akasema, na alilivuta mwishoni, sawasawa na kaka yangu.

Sijui alimletea marehemu msamaha au hukumu. Nilimjibu karibu kabla hajavuta pumzi ya pili.